Kabla hatujadai, tuhesabu: Somo la vipaumbele vya afya mtaani

Kaa katika baraza lolote pale Gongoni, Tabora mjini, baada ya swala ya alasiri, kisha uliza swali moja tu: tatizo kubwa la afya katika mtaa huu ni lipi? Majibu hutayakosa. Mmoja atasema dawa hakuna. Wa pili atasema mitaro imeziba. Wa tatu atataka gari la wagonjwa. Mzee aliyekaa pembeni atasema shida ni kisukari na presha, kwani yeye na wenzake wawili wanaumwa hayo. Kila mmoja anasema kweli kwa kile anachokiona. Lakini fedha haitoshi yote. Sasa ni nani mwenye haki ya kusema hili lianze na lile lingoje?

Katika miji yetu mingi swali hilo hujibiwa kwa njia mbili. Ama jibu linashuka kutoka juu, likiwa limeandikwa tayari na watu ambao hawajawahi kuvuka mtaro wa mtaa wetu. Ama jibu linatolewa na mwenye sauti kubwa mkutanoni, na wengine wote wanaitikia ili warudi nyumbani. Njia zote mbili zina kasoro moja: hakuna aliyehesabu.

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu njia ya tatu, ambayo si ngeni wala si ya wazungu peke yao. Ni wakazi wenyewe kutazama hali yao, kuihesabu, kuchagua kwa pamoja kipi kitangulie, kukiandikia mpango, kisha kuudai utekelezaji wake wakiwa na ushahidi mkononi. Tutachukua Gongoni kama mfano, lakini msomaji wa Ujiji, Kondoa au Temeke naye atauona mtaa wake humu.

TAKWIMU YA MKOA SI TAKWIMU YA MTAA

Tuanze na takwimu ambayo kila mkazi wa Tabora anapaswa kuijua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto na malaria wa mwaka 2022 uliwapima watoto wenye umri wa kati ya miezi 6 na 59. Kwa nchi nzima asilimia 8 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwa mkoa wa Tabora ilikuwa asilimia 23, ambayo ni ya juu kuliko mkoa mwingine wowote. Katika utafiti wa mwaka 2017 mkoa huu ulikuwa na asilimia 12 hivi.

Hizi ni habari nzito. Lakini je, zinamwambia mkazi wa Gongoni afanye nini? Mkoa wa Tabora ni mkubwa. Ndani yake kuna Kaliua, Urambo na Sikonge, kwenye mapori, mashamba ya tumbaku na mabonde ya mpunga. Gongoni ni kata ya katikati ya mji. Yawezekana malaria ndiyo inayowaumiza watoto wake kuliko maradhi yote. Yawezekana pia ni kuhara, kwa sababu katika mitaa ya zamani kisima kifupi na choo cha shimo mara nyingi vimo ndani ya ua mmoja. Takwimu ya mkoa inatupa swali zuri la kwenda kuuliza. Jibu linapatikana kwenye mtaa wenyewe.

Chukua mfano wa maji. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria uliofika Tabora ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2022. Anayesoma taarifa akiwa mbali atasema tatizo la maji limekwisha. Mkazi atauliza: katika mtaa wetu ni kaya ngapi zimeunganishwa, ngapi zinanunua ndoo kwa jirani, na ngapi bado zinateka kisimani kwa sababu bili haiwezekani? Maswali hayo matatu hakuna wa kuyajibu ila aliyepita nyumba kwa nyumba.

WALIOHESABU WALIPATA NINI?

Pengine msomaji atasema kuhesabu ni kazi ya wasomi na haina faida. Turejee historia ya hapa hapa nchini.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, iliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kadhaa, wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Palipotokea msiba, familia iliulizwa kwa upole dalili za marehemu zilikuwaje, ili ijulikane alikufa kwa maradhi gani. Hilo lilikuwa jambo la lazima, kwa sababu wengi wa waliokufa walifia majumbani, na daftari la hospitali haliwajui.

Hesabu ilipolinganishwa na bajeti, watu walishangaa. Katika Morogoro Vijijini mwaka 1996, malaria ilikuwa inabeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Maradhi ya watoto kwa ujumla wake, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria, yalibeba asilimia 28 na kupewa asilimia 13. Kifua kikuu kilibeba chini ya asilimia 4 kikapewa asilimia 22. Hakuna aliyepanga hivyo kwa nia mbaya. Ilikuwa ni mazoea tu: mwaka huu kama mwaka jana.

Wilaya zikabadilisha mgawo. Wauguzi wakafunzwa namna ya kumtibu mtoto kwa kuangalia maradhi yake yote kwa pamoja, na vyandarua vyenye dawa vikahimizwa. Wilaya ziliongezewa kiasi cha dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, lakini zilichoweza kutumia kwa manufaa ni kama senti 80 tu. Matokeo yakoje? Huko Rufiji, mwaka 1999 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 100 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 2000 walikuwa 72. Vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 140 hadi 120. Hiyo ni tofauti ya mwaka mmoja, na kilichobadilika zaidi ni mpangilio.

Hapa kuna tahadhari ambayo wengi huisahau. Maradhi kuonekana machache si sababu ya kuyakatia fedha. Surua ikiwa imepungua mtaani, huenda imepungua kwa sababu chanjo inafanya kazi. Ukikata fedha ya chanjo kwa hoja kwamba hakuna surua, umeialika irudi. Kwa hiyo mwenye kupanga hatazami tu nani anaumwa leo. Anauliza pia ni kinga gani inayotulinda bila sisi kuiona.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF na WHO. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji. Utaratibu wao ulikuwa na hatua tatu zisizokwisha: tazama hali, tafuta chanzo, chukua hatua, kisha rudi utazame tena. Kabla ya muongo huo kwisha, utapiamlo mkali ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Mizani ilikuwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe, na huo ndio uzito wa jambo hili.

NANI NI WATU WA MTAA?

Kabla ya kuhesabu lazima tukubaliane tunamhesabu nani. Kwa mji kama Tabora swali hili si jepesi. Tangu misafara ya pwani na bara ilipokuwa ikikutana hapa, mji ukiitwa Kazeh, Tabora umekuwa mji wa wapitao. Burton na Speke waliofika Novemba 1857 waliikuta njia hiyo ya wapagazi, na Burton aliandika jinsi ndui ilivyokuwa ikiwaangusha njiani. Maradhi yalisafiri na watu, na aliyeathirika zaidi alikuwa mpagazi ambaye hakuwa wa mji wowote.

Leo mpagazi huyo ni nani? Ni mpangaji wa chumba kimoja aliyetoka Kigoma mwezi uliopita. Ni binti wa kazi za ndani. Ni kijana anayelala kwenye kibanda cha biashara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 227,000 katika Manispaa ya Tabora, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 308,000. Walioongezeka hao wengi hawana ndugu kwenye baraza. Tathmini inayowahesabu wenye nyumba tu ikawaacha wapangaji imekosea tangu mstari wa kwanza.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, iundwe kamati ndogo ya watu kama kumi chini ya serikali ya mtaa. Wawemo Mtendaji, Afisa Afya wa kata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akina mama wasiopungua nusu, vijana, mpangaji, mtu mwenye ulemavu, na viongozi wa dini zote zilizopo. Maradhi hayaulizi dini, na mtaro wa Muislamu unamwaga maji kwa Mkristo.

Pili, zikusanywe habari kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni zahanati. Vitabu vya MTUHA vinaonyesha waliotibiwa ni wangapi na kwa maradhi gani, mwezi kwa mwezi. Muombeni mganga mfawidhi jumla tu, bila jina la mgonjwa yeyote. Ya pili ni kutembea. Kamati izunguke mtaa mzima, ichore ramani hata kwa kijiti chini: visima, vyoo, mitaro, majalala, madimbwi. Ya tatu ni kaya zenyewe. Maswali yawe machache: wanaishi wangapi, maji yanatoka wapi, choo kipo, vyandarua ni vingapi na nani analala ndani yake, nani aliumwa mwezi uliopita na alipelekwa wapi kwanza.

Swali hilo la mwisho lina siri kubwa. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta wazazi wengi hawaoni kuwa degedege ni malaria kali, hivyo mtoto alipelekwa kwa mganga wa jadi kwanza. Ukiuliza tu "mtoto ana malaria?" utajibiwa hapana. Uliza dalili, kwa maneno wanayotumia watu.

Tatu, makundi yasikilizwe mbalimbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa mkoani Tabora asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Ulikuwa wa pili kitaifa baada ya Katavi. Sasa tujiulize: ni mkutano gani wa mtaa ambapo mzee alisimama akalitaja hilo kama tatizo la afya? Tunafundishwa haya, na haya ni jambo jema. Lakini haya isiwe pazia la kufunika maangamizi ya mabinti zetu. Akina mama wazungumze na mwanamke mwenzao, mabinti vivyo hivyo, na wanaume peke yao. Kisha majibu yawekwe pamoja bila kutaja aliyesema.

DAFTARI LA MSIKITINI

Kuna chanzo kimoja cha habari ambacho Wizara haina na sisi tunacho. Muislamu akifariki mtaani, msikiti unajua. Tunatangaza, tunaosha, tunaswalia, tunazika. Kisha tunasahau.

Je, kamati ya msikiti ikiweka daftari dogo la mazishi? Yaandikwe mambo matano tu: umri, mwanamume au mwanamke, mwezi, dalili za mwisho kwa ufupi kama familia imeridhia, na kama marehemu alifikishwa kituo cha tiba au la. Jina lisiwemo. Daftari hilo ni amana, likae kwa mtu mmoja mwaminifu. Baada ya mwaka, jumla ipelekwe kwenye kamati ya mtaa. Makanisa nayo yaombwe kufanya hivyo hivyo. Tukikuta watoto sita walizikwa kati ya Februari na Mei, hapo hatuhitaji mtaalamu wa kutuambia tuanze kuuliza habari za mvua na mbu.

KUCHAGUA MAANA YAKE NI KUACHA

Habari zikishapatikana, orodha itakuwa ndefu. Huu ndio udhaifu uliolalamikiwa katika mipango mingi iliyofuata utaratibu wa Serikali wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kuenezwa miaka ya mwanzo ya 2000: kila kijiji kilitoa orodha ya mahitaji yote, halmashauri ikachagua yenyewe cha kutekeleza. Ukidai vitu ishirini, umemwachia mwingine akuchagulie kimoja.

Kwanza tenganisha tatizo na jibu. Gari la wagonjwa si tatizo, ni jibu. Tatizo huenda ni kwamba wajawazito wanachelewa kufika hospitali ya Kitete. Na tatizo hilo laweza kuwa na jibu rahisi zaidi, kama vile makubaliano na wenye bajaji wawili wanaopatikana usiku na mfuko mdogo wa nauli.

Kisha kila tatizo lipewe alama, 1 hadi 5, kwa maswali manne: Linawapata wangapi? Likikupata linadhuru kiasi gani? Tuna uwezo gani wa kulipunguza? Linawaumiza zaidi wanyonge? Tutoe hesabu ya mfano tu, kwa mtaa wa kufikirika. Malaria: 5, 4, 4, 4, jumla 17. Mimba za utotoni: 2, 5, 4, 5, jumla 16. Kuhara kwa watoto: 3, 3, 5, 4, jumla 15. Presha na kisukari: 3, 4, 2, 2, jumla 11. Asiyejua kusoma apewe punje za mahindi aziweke kwenye picha. Kila mtu apige alama zake kwa siri, ndipo zijumlishwe.

Angalia kilichotokea. Jambo ambalo barazani halikutajwa kabisa limekuwa la pili. Na yule mzee wa presha je, ametupwa? La hasha. Kipimo cha presha kinaweza kuletwa baada ya swala ya Ijumaa mara moja kwa mwezi, kwa gharama ndogo. Lakini fedha na nguvu za mwaka huu zitaanza na yaliyo juu, na yeye mwenyewe alikuwepo alama zilipojumlishwa.

Likishachaguliwa tatizo, tafuteni chanzo kabla ya kununua chochote. Wengi wetu tunaamini mbu wa malaria anatoka kwenye mtaro mchafu na choo. Mbu wa aina ya anofelesi kwa kawaida hupendelea madimbwi ya maji yasiyochafuka sana, yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, bustani za mabondeni. Mbu wa mtaro mchafu kwa kawaida ni wa aina nyingine. Kusafisha mtaro ni jambo jema, lakini mtaa unaweza kusafisha mitaro yote na malaria ikabaki pale pale.

FEDHA INA KALENDA YAKE

Mpango mzuri ukipelekwa mwezi mbaya ni karatasi tu. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na halmashauri huandaa bajeti zao miezi mingi kabla ya hapo. Mtaa unaosubiri hadi Aprili umechelewa. Tathmini ifanyike Julai hadi Septemba, mkutano wa wananchi wa kuchagua uwe Oktoba, na Novemba mpango uwe umefika Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani akiwa nao mkononi. Kutoka hapo unaingia katika mpango kabambe wa afya wa Manispaa.

Aidha, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kituo cha afya. Kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, ndiyo yenye kupitisha mpango wake. Je, unawajua wanaokuwakilisha? Lini walirudi kutoa taarifa? Mkoa huu si mgeni katika mambo haya: majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii yalianzia Igunga mwaka 1996, miaka mitano kabla ya sheria yake ya 2001. Watu walichangia. Anayechangia ana haki ya kuuliza.

Mpango wenyewe usizidi ukurasa mmoja: tatizo, chanzo, hatua, nani atafanya, lini, fedha kutoka wapi, na tutajuaje kama tumefanikiwa. Usiandike "kuhamasisha jamii". Andika "ifikapo Desemba, kila mtoto wa chini ya miaka mitano katika kaya 300 analala ndani ya chandarua, kamati itapita usiku kuhakiki". Na kazi isiyohitaji fedha ya Manispaa ianze bila kusubiri.

Mwisho, kamati irudi mkutanoni baada ya miezi sita na hesabu ile ile. Kilichofanyika kisemwe, kilichoshindikana kisemwe. Hapo ndipo mipango mingi hufa: watu wanahesabiwa, hawarudishiwi jibu, na akija mwingine na daftari wanamfungia mlango.

Katiba ya nchi, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Dini yetu imetufundisha kushauriana katika mambo yetu. Sheria inaturuhusu na dini inatuhimiza, hivyo hatuna wa kumlaumu iwapo mwakani tena mtaa wetu utapangiwa na mtu asiyejua kisima chetu kiko wapi. Anzeni na daftari la shilingi chache na watu kumi. Watoto waliozikwa hawarudi, lakini hesabu yao inaweza kuwaokoa wadogo zao.

Wabillahi tawfiq.